Maji Yana Ngozi



Jina la kata yetu huwachekesha wageni. Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam, "Nimetoka Ulaya jana," kwanza atakutazama viatu. Basi itakubidi umweleze kwamba Ulaya yetu haina theluji. Iko wilayani Kilosa, upande wa kwenda Mikumi, na watu wake ni wakulima.

Leo tunaeleza jambo ambalo wataalamu wa Ulaya ile ya ng'ambo wamelichunguza kwa miaka mingi. Lakini mwanzo wake unaweza kuuona asubuhi mlangoni kwako, hapa hapa Ulaya kwetu, bila chombo chochote cha dukani. Jambo lenyewe ni uso wa maji.

Tumelichagua kwa sababu mwaka mmoja tulilifundisha vibaya darasani, na kisima kikaharibika. Habari hiyo tutaieleza mbele. Kwanza tufanye jaribio.

JARIBIO LA KWANZA: SINIA NA JUA

Chukua sinia au beseni. Tia maji kiasi. Asubuhi jua likiwa bado chini, liweke mlangoni mahali ambapo jua linafika. Usitazame jua ndani ya maji, maana litakuumiza macho. Tazama ukuta wa ndani, au tazama darini. Utaona doa la mwanga. Mwanga huo umetoka kwenye jua, umegonga maji, ukarudi juu kama unavyorudi kutoka kwenye kioo.

Sasa subiri maji yatulie. Ukiyatazama utasema yamelala kabisa. Tazama ukutani tena. Doa linatetemeka! Mwambie mtu atwange mahindi hapo nje. Kila mchi unaposhuka, doa linaruka. Ukirudi kutazama maji, huoni kitu.

Je, nani mkweli, maji au ukuta? Ukuta ndio mkweli. Maji yana viwimbi vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuvitambua. Kiwimbi kikiinua maji kidogo tu upande mmoja, mwanga unaorudi hubadili njia yake. Hapo kwenye maji badiliko ni dogo. Lakini mwanga ukisafiri mita 3 hadi ukutani, badiliko hilo limekuwa kubwa. Ni kama mtu anayetoka Ulaya kwenda Mikumi akakosea njia kidogo mwanzoni. Kadiri anavyokwenda, ndivyo anavyozidi kuwa mbali na njia.

Kwa hiyo tumejifunza jambo la kwanza: mwanga unaweza kutuonyesha viwimbi tusivyoviona kwa macho.

JARIBIO LA PILI: SINDANO NA SABUNI

Sasa chukua bakuli la maji safi na sindano kavu ya kushonea. Ilaze sindano juu ya maji polepole sana, ikiwezekana juu ya kipande kidogo cha karatasi nyembamba. Karatasi itazama, sindano itabaki juu. Sindano ni chuma, nacho chuma ni kizito kuliko maji. Mbona haizami?

Haizami kwa sababu uso wa maji unavutana. Maji yameundwa kwa chembe ndogo sana, ziitwazo molekuli. Kila molekuli huvutwa na wenzake. Iliyo katikati ya maji huvutwa pande zote sawasawa. Iliyo juu haina wenzake juu yake, kwa hiyo huvutwa pembeni na chini. Matokeo yake ni kwamba uso wa maji hukaza, mithili ya ngozi iliyowambwa kwenye ngoma. Wataalamu huita hali hiyo mvutano wa uso. Sisi hapa tutaiita ngozi ya maji, ingawa si ngozi unayoweza kuibandua.

Sasa paka kidole sabuni, uguse maji pembeni mwa bakuli. Sindano inakimbia upande wa pili, mara inazama. Sabuni imelegeza ngozi ya maji. Maji ni yale yale na bakuli ni lile lile. Kilichobadilika ni ngozi ya juu tu.

MTU WA KIJIKO KIMOJA

Zamani, kabla ya kuwa na vyombo vya kisasa, yupo mtu aliyelichunguza jambo hili kwa kijiko cha chai. Jina lake Benjamin Franklin, Mmarekani aliyekuwa akiishi Uingereza. Alikwenda kwenye bwawa la Clapham, London, siku yenye upepo, akamwaga kijiko kimoja cha mafuta. Mafuta yakatanda haraka. Viwimbi vikalala katika eneo la kama nusu eka, maji yakawa laini kama kioo. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1774.

Hebu tupige hesabu. Kijiko cha chai hubeba sentimita za ujazo 5. Nusu eka ni mita za mraba 2,000 hivi, yaani sentimita za mraba 20,000,000. Gawa 5 kwa 20,000,000. Unapata sehemu moja ya milioni nne ya sentimita. Huo ndio unene wa utando wa mafuta yale. Hakuna karatasi wala unywele mwembamba hivyo. Hata hivyo, utando huo uliweza kulaza mawimbi ya bwawa.

Mwingine alikuwa msichana wa Kijerumani, Agnes Pockels. Wakati wake wanawake walikuwa hawapokelewi vyuo vikuu. Alikuwa nyumbani akitunza wazazi wake. Alipokuwa akiosha vyombo aliona jinsi mafuta na uchafu vinavyobadili uso wa maji ya kuoshea. Akasoma mwenyewe vitabu alivyopewa na ndugu yake wa kiume, akajitengenezea chombo cha kupimia ngozi ya maji kutokana na vitu vya jikoni. Mwaka 1891 barua yake ilichapishwa katika jarida la wataalamu la Uingereza. Wataalamu wa baadaye walifuata njia yake. Wanakisomo wenzetu, hasa akina mama, tusisahau habari hiyo. Jikoni pia ni mahali pa utafiti.

VIWIMBI VISIVYOKOMA

Sasa turudi kwenye sinia letu. Tuseme tumelifunika lisipate upepo. Hakuna anayetwanga, hakuna anayepita, na hata kuku wamefungiwa. Je, maji yametulia?

Hapana. Molekuli za maji hazitulii hata siku moja. Joto ndilo linalozichezesha. Zinasukumana kwa chini, na ngozi ya juu inapanda na kushuka. Mwaka 1908 Mpolandi mmoja, Marian Smoluchowski, alieleza kwamba lazima iwe hivyo. Mwaka 1913 Mrusi Leonid Mandelstam alieleza kwamba viwimbi hivyo vinaweza kutawanya mwanga.

Kutawanya mwanga ni nini? Usiku mulika tochi kwenye kioo safi. Mwanga wote unarudi upande mmoja. Mtu aliyesimama pembeni haoni doa kwenye kioo. Sasa kioo kipate vumbi. Mulika tena. Aliyesimama pembeni naye anaona doa, maana vumbi limechukua sehemu ya mwanga na kuitupa huku na huku. Huko ndiko kutawanyika kwa mwanga. Viwimbi vya maji navyo hufanya kazi kama vumbi lile. Tofauti ni kwamba vumbi limekaa kimya, lakini viwimbi vinacheza.

Shida ilikuwa udogo wa viwimbi. Urefu wa kupanda kwake hauzidi sehemu moja ya milioni ya milimita. Mwanga unaotawanywa ni haba mno, na tochi haitoshi. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1960, ilipotengenezwa taa ya leza. Mwanga wa leza hausambai ovyo kama wa tochi. Unakwenda mstari mmoja, na ni wa rangi moja tu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wa Marekani waliweza kupima viwimbi vya joto kwa leza.

Onyo: siku hizi kalamu za leza zinauzwa hata magulioni kama vichezeo. Usimruhusu mtoto kummulika mtu machoni. Mwanga huo unaweza kupofusha.

KUSIKILIZA NGOMA KWA MACHO

Wanapima namna gani? Tukumbuke ngoma. Ngoma ikilegea, mpigaji huisogeza kwenye moto. Ngozi ikikaza, sauti inapanda. Mtu mzoefu akiisikia kwa mbali, bila kuigusa, anajua kama imekaza au imelegea.

Ndivyo ilivyo kwa ngozi ya maji. Wataalamu humulika leza juu ya maji. Mwanga mwingi unarudi njia moja, na mwanga kidogo unatawanyika pembeni. Huo wa pembeni ndio wanaoukamata. Kila urefu wa kiwimbi una pembe yake ya kutupia mwanga. Mtaalamu akitaka kuchunguza viwimbi vya urefu fulani, anaweka chombo chake kwenye pembe hiyo.

Mwanga huo uliotawanyika unafika ukitetemeka. Mtetemo huo ndio sauti ya ngoma yetu. Katika maji safi, viwimbi vyenye urefu kama unene wa unywele hutetemeka kama mara 20,000 kwa sekunde moja. Ukiongeza sabuni, ngozi inalegea, na mtetemo unashuka. Hivyo mtaalamu anajua ngozi imekaza kiasi gani.

Tena anatazama viwimbi vinakufa upesi kiasi gani. Ukitupa kijiwe kwenye maji, viwimbi vinakwenda mbali. Ukikitupa kwenye asali, havifiki popote. Kwa hiyo, kwa kupima jinsi viwimbi vinavyokufa, mtaalamu anajua kama kitu hicho ni chepesi kama maji au kinanata kama asali.

Faida yake ni kwamba hagusi kitu anachopima. Utando mwembamba kama ule wa kijiko cha Franklin ukiugusa kwa chombo unaweza kuuvuruga. Mwanga unaugusa bila kuuharibu.

KUTOKA ANGANI MPAKA BAHARINI

Kanuni hiyo hiyo inatumika katika bahari yetu ya Hindi. Tofauti ni kwamba hapo hawatumii leza. Wanatumia mawimbi ya redio yanayopigwa kutoka satelaiti zilizo juu angani. Bahari yenye upepo ina viwimbi vingi vya urefu wa sentimita chache, navyo vinairudishia satelaiti sehemu ya mawimbi ya redio. Mahali penye mafuta, viwimbi vimelala, kama katika bwawa la Clapham. Hapo mawimbi ya redio hayarudi, na kwenye picha panaonekana doa jeusi.

Tarehe 25 Julai 2020 meli iitwayo Wakashio ilikwama kwenye miamba ya kisiwa cha Mauritius. Baadaye yakamwagika mafuta kama tani 1,000. Wavuvi na wakazi walikusanya majani ya miwa na kutengeneza vizuizi vya kuzuia mafuta yasienee. Huku juu satelaiti zilikuwa zikipiga picha kuonyesha mafuta yanaelekea wapi. Satelaiti hazichoki, na zile za redio huona hata usiku na hata penye mawingu.

MBU ANAHUSIKA VIPI?

Sasa tufike nyumbani, kwenye kisa tulichoahidi.

Mbu hutaga mayai kwenye maji. Mayai yanakuwa viluwiluwi, na viluwiluwi vinakuwa mbu. Maji yakiwa ya vuguvugu, kazi yote hiyo huchukua wiki moja hadi mbili. Kiluwiluwi anaishi majini lakini anavuta hewa ya juu. Kiluwiluwi wa mbu aenezaye malaria hulala sambamba chini ya uso wa maji. Kiluwiluwi wa mbu wa vyooni na mifereji michafu huning'inia kichwa chini, na mrija wake wa kuvutia hewa uko juu. Wote wawili wanaitegemea ngozi ya maji. Ngozi ikilegezwa na utando wa mafuta, hawawezi kujishikiza. Mafuta nayo yanaingia kwenye matundu yao ya hewa, nao wanakufa.

Hilo ndilo tulilofundisha darasani. Tulisema, "Mafuta juu ya maji yanaua viluwiluwi." Ni kweli. Tulichora na picha ubaoni. Lakini hatukusema mafuta gani, kiasi gani, wala mahali gani.

Mama mmoja mwanakisomo alituamini. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na dimbwi la mita 4 kwa mita 5. Watoto wake walikuwa wameugua malaria mara mbili katika masika moja. Akaenda kwenye mashine ya kusaga, akaomba oili chafu lita 3, akaimwaga yote. Viluwiluwi walikufa, akafurahi. Usiku wa tatu mvua kubwa ikanyesha. Dimbwi likafurika, maji yakateremka mpaka kwenye kisima kisicho na mfuniko. Asubuhi ndoo ya kwanza ilikuja na rangi rangi kama za upinde wa mvua, na harufu ya mashine. Kwa siku nyingi akina mama wa kitongoji kile walitembea mpaka mtoni kuchota maji. Wengine walimlaumu mama yule. Aliyestahili lawama ni mwalimu.

Tazameni hesabu. Lita 3 ni vijiko 600 vya chai. Kijiko cha Franklin kilifunika nusu eka. Vijiko 600 vingefunika eka 300! Hatusemi kwamba kijiko kimoja kinatosha kuua viluwiluwi. Utando wa kuua viluwiluwi huwa mnene zaidi, na oili ya mashine haitandi vizuri kama mafuta yale. Lakini hesabu inatuonyesha kwa nini mafuta kidogo yaliyofika kisimani yalionekana juu ya maji yote. Mafuta hayakai ulipoyamwaga. Yanatafuta nafasi ya kutanda. Tena oili chafu ina sumu, nayo haifai kugusana na maji ya kunywa, samaki wala mpunga.

NJIA ILIYO BORA

Wataalamu hawakuiacha fikra ya utando. Waliirekebisha. Katika mashamba ya mpunga ya Ahero, karibu na Kisumu nchini Kenya, ulifanyika utafiti ambao taarifa yake ilitolewa mwaka 2011. Walitumia kimiminika maalumu cha silikoni, ambacho hutanda chenyewe juu ya maji kuwa utando mwembamba sana. Viluwiluwi vya mbu wa malaria vilipungua sana, na mpunga uliendelea kukua. Hiyo ndiyo faida ya kujua tabia ya utando.

Hapa Tanzania, Kibaha mkoani Pwani, kilijengwa kiwanda cha dawa ya viluwiluwi kwa ushirikiano na Cuba. Dawa hiyo si mafuta. Ni bakteria wanaowaua viluwiluwi wa mbu wanapowala. Mwaka 2017 serikali iliagiza halmashauri za wilaya ziinunue. Kwa hiyo kijiji kina haki ya kuuliza habari zake kwenye halmashauri.

Wakati tunauliza, zipo kazi tunazoweza kufanya wenyewe bila kungoja:

1. Tufukie madimbwi yaliyo karibu na nyumba, au tuyachimbie mfereji maji yatoke.
2. Tufunike mapipa na mitungi. Chombo kisicho na mfuniko tukimwage na kukisugua kila wiki. Wiki haijatimia, mbu hajaruka.
3. Tufunike visima, na tuvijengee ukingo ili maji ya mvua yasiingie.
4. Tusimwage oili, mafuta ya taa wala dawa yoyote kwenye maji bila kumwuliza bwana afya au bibi afya.
5. Tulale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Mwenye homa apelekwe kupimwa mapema.

Mama yule sasa amelifukia dimbwi lake, akapanda migomba hapo. Kisima kimepata mfuniko. Nasi tunapofundisha somo la mbu, tunaanza na sinia mlangoni, halafu kijiko cha Franklin, na mafuta tunayataja mwisho.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mvutano wa uso: nguvu inayofanya uso wa maji ukaze kama ngozi ya ngoma.
Kutawanyika kwa mwanga: mwanga kutupwa pande mbalimbali badala ya kurudi njia moja.
Leza: mwanga mkali wa rangi moja unaokwenda mstari mmoja.
Utando: tabaka jembamba linalofunika kitu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini doa la ukutani linatetemeka hata maji yakionekana yametulia?
2. Katika kitongoji chenu, maji ya mvua yanatoka wapi na yanaishia wapi? Chora ramani.
3. Oili chafu ya mashine, pikipiki na trekta hutupwa wapi kijijini kwenu? Mngependa itupwe wapi?
4. Hesabu: Mtungi una uso wa maji wa mita ya mraba moja. Kijiko kimoja cha mafuta ya Franklin kingefunika mitungi mingapi ya namna hiyo?

Fanyeni jaribio la sinia, kisha mtuandikie mliyoyaona. Barua fupi inatosha. Anayeona haya kwa sababu ya mwandiko wake, na amkumbuke Agnes Pockels, aliyeanzia jikoni.